Daftari la Madeni

Duka la marehemu baba, Kiboriloni, mlango wa buluu:
misumari kwa kilo, bati, kamba ya katani, dawa ya mchwa.
Alinirithisha mizani, kalamu iliyofungwa uzi,
na sentensi moja ambayo hakuwahi kuieleza:
"Mpare ukimkopesha bati, shika na kivuli chake."

Nami nikashika.

Jumanne umeme ulikatika. Masika
yaligonga paa kama mdai asiye na haya.
Nikawasha chemli, nikafungua daftari
nijue nani kanikwamisha, na ada ya Aikande ipo mlangoni.
Macho yakasoma. Kisha yakarudi juu,
yakasoma tena polepole,
kama mtu anayejipekua mfukoni mbele ya watu.

Elinami Swai, bati nane – mkewe kalazwa.
Ndetaramo, misumari kilo tatu – kahawa haijalipwa.
Kirita wa Uswaa, saruji mifuko minne – amefiwa.
Anaeli, rangi ya mafuta – atakuja, ni mtu wa watu.

Halafu:

Mbonea, kufuli moja – Mpare.
Sekiete, kamba – Mpare.
Mama Namsifu, bawaba mbili – hawa hawa.

Upande ule wa wino wangu hakuna anayeugua.
Hakuna msiba Ugweno, hakuna ng'ombe aliyekufa Mwanga,
hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.
Wangu wana sababu.
Wao wana kabila.

Nikahesabu, maana namba hazina shangazi.
Wadaiwa thelathini na mmoja. Wapare saba.
Watano kati ya saba walishalipa,
nimewakata kwa mstari mwembamba, wa haraka,
kama niliyeona aibu kumharibia baba msemo wake.
Kufuli la Mbonea nalikumbuka hadi kutu ya ufunguo.
Siku aliyoleta pesa, siikumbuki kabisa.

Asubuhi nikavuka barabara kwa Nakunda Msuya,
ananidai vitenge tangu Krismasi.
Nakunda nampenda. Miaka kumi na mbili nimemsifu hivi:
"Huyu si kama wenzake,"
naye amekuwa akinyamaza, nami nikadhani ni shukrani.

Akafungua daftari lake. Sisi wenye maduka
tunasoma maandishi yaliyopinduliwa kama wengine wanavyosoma nyuso.

Mkeni, shati – gari limemharibikia Same.
Mama Aikande, vitenge doti mbili – Mchaga, pesa anazo.

Akafunika kwa kiganja. Nikajifanya nahesabu noti.
Hasira ilishanifika kooni, na nikaijua sauti yake:
hawa hawa.
Nilitaka kumwambia ya ada, ya paa la jikoni,
ya mwezi wa pili ambao sikuuza hata msumari.
Kumbe na mimi nina sababu!
Nani angeziandika?
Nikalipa. Akanirudishia chenji yote, mia juu ya mia,
na hatukutazamana mpaka ya mwisho.

Mchana Mbonea akaja, kalowa hadi magotini.
Anataka komeo, atalipa Ijumaa.
Nikamuuliza, "Nyumbani kuna nini?"
Akanitazama kama ninayemwekea mtego.
Miaka yote sijamuuliza; nimeuliza leo, na imesikika kama polisi.
"Mama Aikande," akasema taratibu,
"wewe andika tu unavyoandika siku zote."

Nikaandika: Mbonea, komeo moja, na kistari.
Mkono ukaweka M
kabla sijauambia neno.

Akaondoka na komeo lake chini ya koti.
Ile M bado ipo, peke yake, wino umekauka.
Inaweza kuwa mvua.
Inaweza kuwa mgonjwa.
Kila nikifungua ukurasa naiona inanisubiri,
na Ijumaa bado.